Santuri ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefuta vumbi kwenye santuri zote saba. Kiangazi cha hapa hakina huruma. Albamu nne, na tatu fupi. Hiyo ndiyo kazi yote ya bendi yangu ya Waingereza, watu wa kinanda na kompyuta. Kaka yangu Firmin alizinunua miaka kumi na moja iliyopita kwa Mzungu aliyekuwa anahama Zambia, akazipitisha mpakani Mokambo katikati ya magunia ya unga. Tangu hapo bendi ni yangu. Mji huu hauna anayeijua kunishinda. Najisifu, ndiyo. Nani atanisoma?

Ijumaa saa tisa nitaipiga redioni, wimbo mmoja kutoka kila santuri, ya kwanza hadi ya mwisho. Ni majaribio. Kikipendeza, kipindi kitakuwa changu kila wiki. Nimekiomba miaka miwili.

Jumanne, 5 Agosti
Redio haina mashine ya santuri. Papa Ilunga, mtangazaji nitakayekaa naye, atazitafuta nyimbo kwenye mtandao. Nimempa orodha. Nimemsisitizia santuri ya tatu. Kazi yangu ni muziki wa harusi, na wimbo ule wa polepole, wa yule bwana mwenye sauti nzito, ndio ninaowaingizia maharusi ukumbini. Wasimamizi hupiga hatua moja, wanasimama, wanayumba, hatua nyingine. Hadi wafike mezani bibi harusi ameshalia. Mama mkwe pia.

Jumatano, 6 Agosti
Nyimbo zimefika kwenye simu. Sita sawa. Wa santuri ya tatu siyo: mwanamke anaimba mbio mbio kama anafukuzwa na mbwa. Nimempigia Papa Ilunga, nimemwambia hajui kazi. Akanijibu taratibu: "Mama Solange, jina iko ile ile. Angalia mashine yako."

Nimeangalia. Kitufe cha mwendo kiko thelathini na tatu, mizunguko ya dakika moja. Sijawahi kukigusa. Santuri zote zina ukubwa mmoja. Nani angejua kwamba moja inataka arobaini na tano? Nimekisogeza. Mwanamke akatoka. Mbio mbio.

Miaka kumi na moja. Yule bwana hayupo. Na mimi, kwa Kiingereza changu cha sokoni, nimewaeleza watu kwamba anamlilia mama yake. Nimecheka peke yangu. Halafu sikucheka tena.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwomba Papa Ilunga msamaha. Kisha nikaifuta santuri ya tatu kwenye orodha. Saba zimekuwa sita. Watu wakigundua, watasema mjuzi gani huyu, na kipindi kitapewa mwingine. Papa Ilunga alisoma orodha, akaikunja, akaitia mfukoni. Heri angenigombeza. Bukari ya unga wa mahindi haishuki kooni leo. Naona aibu hata kwa santuri.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimesema.

Sikupanga. Baada ya santuri ya pili mdomo ulikataa kuiruka ya tatu. Nikasema hewani kwamba nilikosea mwendo miaka yote, kwamba yule bwana ni mwanamke, mnisamehe. Nikaupiga wimbo unavyotakiwa.

Simu zikaanza. Wa kwanza alicheka tu mpaka salio likamwishia. Kisha mama mmoja wa mtaa wa Katuba, kwa ukali: "Shiye tulioana na ile ya polepole. Musitunyanganye!" Papa Ilunga akapunguza mwendo kwenye kompyuta, bwana wetu akarudi. Akapiga mume wa mtu, anataka ule wa mbio. Mkewe akamnyang'anya simu. Walibishana hewani, taarifa ya habari ikasubiri.

Santuri mbili za mwisho hazikupata nafasi. Hilo limeniudhi.

Jumamosi, 9 Agosti
Mkurugenzi wa redio amepiga. Kipindi ni changu, kuanzia na zile mbili zilizobaki. Nimepiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Jumapili, 10 Agosti
Misa ya kwanza. Baridi ya alfajiri. Nyumbani nimeisikiliza santuri ya tatu pande zote, kwa mwendo wake, kisha kwa mwendo wetu. Yule mwanamke ana furaha, sikuwa najua. Bwana bado ananitoa machozi.

Nimechukua karatasi mpya, nikaandika orodha upya. Santuri hiyo ina nyimbo nne. Nimeandika nane.