Picha Niliyoibana Dirishani kwa Wifi

Nyumba ya kona, mlango wa nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Baba Kipusa,

Hujambo mume wangu? Kile kikohozi kimeachia, au bado unalala dirisha wazi kama mtu asiye na mke wa kumgombeza? Sisi huku wazima. Mwanao anakula na anacheka. Mimi nami sijambo, ila moyoni kunawaka, na leo utauota huo moto hata kama huko hakuna baridi.

Barua yako nimeipata. Unataka Kipusa ahamie kwa dada yako mpaka ijulikane nani alimuumiza shingo. Jina langu hukuliandika, lakini nyumba hii ina watu wazima wangapi? Nililia, nikanawa uso, nikampeleka mtoto hospitali kubwa.

Nikukumbushe ilivyoanza, maana wewe ulisimuliwa na huyo huyo dada yako mwenye saluni. Wifi alimlaza mwanao kwenye lile sinki la kuoshea nywele, shingo imekunjwa nyuma ukingoni, akaendelea kupiga soga na wateja. Mtoto akasema haoni vizuri, akaambiwa atulie. Akazimia palepale, mkono umelegea. Wifi kuona biashara inaharibika, akawatangazia wateja kwamba mimi nilimwangusha mtoto akiwa mchanga, nikaficha.

Kipimo cha kwanza, kile cha kupakwa mafuta ya baridi shingoni, kilionyesha mshipa wa kushoto unaopeleka damu kichwani ni mwembamba. Daktari akasema huenda ni jeraha la zamani. Hiyo "huenda" wifi aliidaka juu kwa juu. Tangu hapo nikienda dukani kununua sabuni, watu wanavuta watoto wao karibu.

Safari hii Kipusa aliingizwa kwenye siti skani, ile mashine ya duara, akachomwa dawa ya kung'arisha mishipa. Daktari wa picha, mama mmoja mfupi asiye na haraka, alinikalisha karibu na kompyuta yake. Akanieleza kwamba mshipa huo hupita kwenye tundu la mfupa chini ya fuvu, na tundu hukua kwa kuufuata mshipa wake. Mshipa ukiumia baadaye, tundu hubaki pana. La Kipusa la kushoto ni jembamba, halijawahi kuwa pana.

"Kazaliwa hivi," akasema. "Hapa hakuna mkono wa mtu, mama."

Mshipa wa kulia umepanuka, unafanya kazi ya wawili. Nikamwambia mshipa huo tunafahamiana, hata mimi nafanya kazi ya wawili. Kipusa hatapasuliwa, atakuwa anarudi kupigwa picha, na shingo yake isikunjwe nyuma tena.

Basi niliomba picha zichapwe kwenye ile plastiki nyeusi. Jana, saluni imejaa, nikaingia, nikachukua vibanio vya wifi mwenyewe, nikaibana picha kwenye kioo cha dirisha, jua likapenya. Nikawaonyesha wateja tundu moja, kisha la pili. Hata waliokuwa chini ya draya walitoa vichwa.

Wifi akaninong'oneza, "Wifi yangu, haya si tungeyaongea nyumbani?"

Nikamjibu, "Uliyazalia hapa, yatazikwa hapa."

Sitakudanganya kwamba nilimhurumia. Nilisikia raha, na njiani nikajinunulia soda. Njia ya mwongo fupi, ya kwake imeishia kwenye dirisha lake. Picha nimeiacha palepale, na akiitoa nitaleta kubwa zaidi.

Sasa zamu yako. Mtoto hahami. Barua ya kuniomba radhi usiitume hapa, itume saluni, dada yako aisome kwa sauti siku ya Jumamosi. Mimi nitakuwa kiti cha mbele, nasukwa bure. Mpaka siku hiyo, Kipusa analala upande wako wa kitanda.

Nisalimie binamu yako fundi umeme, umwambie koti alilolisahau hapa mlipoondoka bado nimelitunza. Mama yangu anakusalimu; yeye peke yake hakuniuliza kama ni kweli nilimwangusha mtoto. Mungu akulinde huko na akurudishe mzima, maana nina maneno na wewe.

Kipusa naye anakusalimu. Ameniuliza kama baba aliamini kwamba nilimwangusha. Nimemwambia hilo akuulize mwenyewe ukifika mlangoni, kabla hujatua begi.

Wako akupendaye, na hasira zake zote,
Mama Kipusa