Udongo wa Tatu

Baba,

Siku ya tisa baada ya kukuzika, uliniandikia.

Sasa niambie wewe mwenyewe, mtu hufanya nini na jambo kama hilo? Nilikuwa nimerudi huku Bungoma, muhula wa pili umefunguliwa, nimewasha kompyuta ya wanafunzi wangu wasioona na kuchomeka modemu nione kama kuna barua yoyote. Ya kwanza juu ilikuwa yako. Majina yako yote matatu. Kichwa chake umeandika "Udongo". Ndani hamna salamu wala neno, ni faili moja tu ya sauti. Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji, nikarudi, nikakuta bado iko. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimetupa udongo juu ya jeneza lako kwa mkono huu huu.

Nilimpigia simu Mama Manjit, pale saiba yake ya kukodisha kompyuta na mtandao, Kitale, nyuma ya duka lao la misumari na mabati. Akanieleza polepole. Siku yako ya mwisho kuingia mjini mtandao ulikuwa umelala, ukamwachia sauti hiyo kwenye kompyuta ya pembeni, ile uliyokuwa ukiiita yako, aitume mtandao ukirudi. Halafu mashine ikaharibika ikapelekwa kwa fundi, na wewe ukalazwa. Mashine iliporudi akaikuta kazi yako mle ndani, akafungua barua pepe yako kwa ile nywila uliyomwandikia kwenye kipande cha karatasi, akatuma. "Mwalimu aliniachia kazi," akasema, "mimi nimemaliza." Nikamshukuru. Lakini tangu siku hiyo, Baba, sijakaa sawa.

Unakumbuka hii kitu ilivyoanza? Shule ilipata kompyuta yenye programu ya kuwasomea watoto, na mimi nilikuja nyumbani Krismasi nikijigamba kama mtu aliyenunua gari. Nikakuwekea usikie. Kiingereza iliweza. Ilipofika Kiswahili ikasoma kama mgeni aliyeshuka jana na bado ana usingizi. Ulicheka mpaka ukavua miwani. Ukasema, "Hiyo mashine iachie Kiingereza chake. Kiswahili nitawasomea mimi." Nilidhani ni mzaha wa mwalimu mstaafu aliyechoka kuangalia ng'ombe. Kumbe Jumatatu ulishafika kwa Mama Manjit ukiwa na kitabu cha darasa la nane kwapani, umevaa koti na tai, kwenda kusoma mbele ya kompyuta.

Kila wiki ulituma. Vipande vifupi vifupi, kwa sababu kirefu kilikataa kupita. Huku shuleni tulikuwa na mabuku ya breli lakini mengine hayakuwahi kufika, na watoto wangu wanasoma darasa moja na wenzao wanaoona, mwalimu hawezi kuwasubiri. Sauti yako ndiyo iliyowafanya wakimbie sambamba na wengine. Walikuwa wakijua mpaka jogoo wa jirani ya saiba. Walijua ukisema "Haya basi, sikieni" kunakuja jambo la kutahiniwa.

Na walijua kikohozi chako. Hapa ndipo kichwa kinaponizunguka.

Ulikuwa ukikohoa kabla ya kila aya. Mara mbili, kavu, halafu unasoma. Watoto wasioona hawana namna ya kujua lipi ni la kitabu na lipi ni la mtu. Wakadhani kusoma kwa sauti ndivyo kunavyoanzwa. Siku afisa wa elimu alipotutembelea, mtoto wa kwanza akasimama na karatasi yake ya breli, akakohoa mara mbili, akasoma vizuri sana. Wa pili akakohoa mara mbili. Wa tatu hivyo hivyo. Afisa akaniuliza pembeni kama watoto hawa wamepelekwa hospitali. Nilikuandikia siku hiyo hiyo nikicheka: "Baba, punguza kikohozi, unaniharibia darasa." Ukanijibu kwa kidole chako kimoja: "Sawa. Nitakoholea nje."

Na ukakoholea nje kweli. Sasa nasikia. Wakati ule sikusikia. Unafika mwisho wa aya, kiti kinalia, mlango unafunguka, kunakuwa kimya kirefu, jogoo, pikipiki, kisha mlango tena na wewe unarudi na pumzi fupi. Nimezisikiliza zote kwa mfuatano, kama ulivyozituma. Kile kimya kinazidi kuwa kirefu. Ulituambia ni vumbi la mahindi, kwamba msimu wa kupukuchua ukiisha kitaisha. Mama alikuwa akikwambia nenda ukaonwe kifua. Na mimi mwanao, mwenye cheti cha kufundisha watoto kusikiliza kwa makini, nilikuwa nimekutuma nje na ugonjwa wako ili usitusumbue. Nisamehe kama linasameheka. Sijui kama linasameheka.

Faili ya Udongo ni ya ufahamu, ile taarifa ya aina tatu za udongo. Unasoma udongo wa kichanga. Unasoma mfinyanzi, unawaeleza mtu akiukanyaga mvua ikinyesha kiatu kinabaki. Kisha unasema, "Udongo wa tatu," kikohozi kinakushika, hukuwahi kufika mlangoni. Mwishoni unasema, "Subirini kidogo, nakunywa maji." Hapo imeisha.

Watoto wangu watatu wa zamani walijua umekufa. Shule iliwatangazia. Lakini muhula huo wa pili nilipokea msichana kutoka Matulo, anaitwa Nanjala. Aliumwa, macho yakapotea mwaka mmoja tu uliopita, vidole vyake bado havijazoea breli. Anasoma kwa masikio. Nilimvalisha hedifoni siku ya kwanza nikamwekea sauti yako, akatulia kwa mara ya kwanza tangu mama yake amwache langoni. Jioni akaniuliza huyu mzee ni nani. Nikasema ni baba yangu, yuko Kitale.

Yuko Kitale. Baba, si uongo. Uko Kitale, nyuma ya nyumba, kando ya mparachichi. Lakini unajua nilivyosema na yeye alivyosikia. Nilikusudia kumweleza kesho yake. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa muhula. Alikuwa akikutumia salamu. Alinifanya nikuandikie maswali, nami nikayaandika, kisha nikajibu mwenyewe na kumwambia "mzee amesema hivi." Wenzake watatu walisikia wakanyamaza, kila mmoja anainamia karatasi yake. Nilifanya darasa zima kuwa la waongo, na sielewi mpaka leo ilikuwaje nikaona ni rahisi kuliko kusema neno moja.

Muhula wa tatu, mtihani wa darasa la nane umebaki wiki sita, Mama alipiga simu mchana. Nilipokea nikiwa darasani, nawe unasoma nyuma yangu. Nikasema haloo, haloo. Akauliza, "Njeri, huyo ni nani anaongea?"

Sikuwa nimemwambia. Alidhani zile sauti ziliisha nawe. Nilijaribu kueleza habari za watoto na mtihani, akanikatiza. Akasema alikisikia hicho kikohozi usiku na mchana mwaka mzima, na mtu akishapumzika aachwe apumzike, si kukohozwa kila siku mbele ya watoto wa watu. Akaniambia nizime. Si kuzima tu, nizime na nifute. Nikamwambia kuna msichana asiye na njia nyingine ya kusomea hicho Kiswahili. Akaniuliza kama huyo msichana ndiye aliyekuosha mgongo ulipokuwa huwezi kujiosha. Mama ana haki. Nanjala ana haki. Mimi nilikaa katikati kama mjinga, asubuhi nawasha, nikimkumbuka Mama nazima, Nanjala akiuliza "mzee amekwenda wapi" nawasha tena.

Alhamisi moja Mama akatokea shuleni bila kusema anakuja, na kitambaa chake cheusi kichwani. Alikuja kuchukua mwenyewe ile flashi diski yenye sauti zako, aende nayo. Watoto wanne wakasimama wakamsalimu, "Shikamoo, nyanya." Akaitikia, akakaa kwenye dawati la nyuma, begi juu ya magoti. Nilimwomba angoje tumalize kipindi. Na kwa bahati yangu mbaya, au nzuri, sijui, Nanjala alikuwa amefika tena kwenye udongo. Siku hiyo hatukutumia hedifoni. Chumba kizima kikakusikia.

Sikuthubutu kumtazama Mama. Uliposema habari ya kiatu kubaki kwenye matope nikasikia amevuta pumzi, kwa sababu ni kiatu chake, ile mvua ya shambani, alishawahi kutusimulia. Kisha ukafika kwenye udongo wa tatu, ukakohoa, ukasema tusubiri kidogo, unakunywa maji.

Nanjala akasema, bila kulalamika, "Madam, huyu mzee anakunywa maji tangu muhula wa pili."

Hakuna aliyecheka. Nilitazama nyuma, Mama ananiangalia, na macho yake yanauliza wazi kabisa: hawajui? Hapo ndipo nilipopiga magoti kando ya dawati la Nanjala nikamwambia. Nikamwambia kwamba alikufa kabla yeye hajaja, kwamba salamu zake zote nilikuwa nazipokea mimi. Nilitarajia alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alikaa akizungusha waya wa hedifoni kwenye kidole, mwishowe akauliza, "Alikufa kabla hajatusomea udongo wa tatu?" Nikasema ndiyo. Akafikiri. "Sasa atasoma nani?"



Nilisikia dawati la nyuma likisukumwa. Mama alikuja mbele na kuuliza kitabu kiko wapi. Unajua Mama aliachia shule darasa la tano. Unajua alivyokuwa akikupa wewe barua usome ati miwani yake imepotea. Nilimwonyesha ukurasa. Akavaa ile hedifoni juu ya kitambaa, kipaza sauti kikaelekea sikioni, nikakigeuza. Akaniuliza kama mashine imeanza kusikia. Nikabonyeza, nikamwonyesha kwa kichwa kwamba imeanza. Akasogeza kitabu karibu na macho.

Halafu akasema, "Haya. Ameshakunywa maji. Udongo wa tatu unaitwa tifutifu."

Alisoma akifuata kwa kidole, neno kwa neno, akikosea na kurudia. Mahali fulani akaacha kitabu kabisa, akawaambia tifutifu ni ule wa kwetu, ukiushika haukushikilii wala haukukimbii, na kwamba mzee huyu alipenda kuuponda mkononi kabla ya kupanda akijifanya anajua kuupima. Hilo halimo kitabuni na halitatahiniwa. Nililiacha.

Hakuchukua flashi diski. Hakusema nisizime, na hakusema nizime. Langoni aliniambia kitu kimoja tu, nikitoe kikohozi. Nikajaribu. Nilikaa na kompyuta Jumamosi nzima nikikikata kimoja kimoja. Jumatatu nikawawekea watoto sauti safi, wewe unaanza aya bila kukohoa, na watoto wote wanne, Nanjala akiwemo, wakakohoa mara mbili mahali pake. Hata hawakujua wamekohoa. Nimezirudisha zile za zamani. Sijamwambia Mama.

Mtihani umekwisha wiki iliyopita. Nanjala anasema Kiswahili hakikumsumbua, lakini yeye husema hivyo kuhusu kila kitu, tutaona. Ufahamu haukuwa wa udongo. Ulikuwa wa nyuki.

Nakuandikia kwenye anwani yako ile ile. Huenda Mama Manjit akaifungua. Kama ni wewe, Mama Manjit, usijali, soma tu. Kama hakuna wa kuisoma pia ni sawa. Sijui kama nilikuweka hai au nilikunyima usingizi. Sijui kama Mama amenikubalia au amechoka kunikataza. Nimejaribu kulielewa nimeshindwa, na wewe ndiye niliyekuwa nikikuuliza mambo niliyoshindwa kuyaelewa.

Naahidi haya. Mwaka ujao mtoto mpya akiniuliza huyu mzee ni nani, nitamwambia ni nani na yuko wapi, siku hiyo hiyo, kabla sijabonyeza. Vitabu vilivyobaki nitavisoma mimi, na Mama akija likizo nitamwekea kiti. Na mtu akikohoa mbele yangu, sitamtoa nje.

Pumzika, Baba. Kunywa maji yako taratibu. Watoto hawasubiri tena.

Mwanao,
Njeri