Uzio Uliouweka Kwenye Diski

Mume wangu, Baba Robi,

Tangu tukuzike sijakuandikia, maana bado nilikuwa na kitu chako cha kulinda pale hospitalini. Sasa sina.

Unakumbuka tulivyofunga zile seva mbili zinazotumia diski moja? Mimi, fundi mwenzako, nimeshika kompyuta, wewe umepiga magoti kwenye vumbi la saruji. Ulinieleza kwamba seva hizo zisiposikiana, kila moja hudhani mwenzake amekufa, na zikiandika zote kwa pamoja zinaharibu kila kitu. Ndiyo maana ukaweka uzio: kila seva ina ufunguo wake kwenye diski, na ile iliyonyamaza inanyang'anywa ufunguo kabla mwenzake hajashika kazi.

"Chomoa waya, Mama Robi."

Nikachomoa. Diski ikaikataa ile seva palepale, ukacheka mpaka manesi wakaja kuchungulia. Tulirudi nyumbani Nkende kwa miguu, ukitafuna mahindi ya kuchoma na kuongea njia nzima.

Ulipofariki akaletwa mkuu mpya wa kitengo chetu. Umeme ukiyumba, seva moja inafungiwa nje, foleni ya wagonjwa inasimama mpaka nyingine ishike kazi. Akasema, "Zima huo uzio." Nikakataa. "Mama, unalinda hospitali au unamlinda marehemu?" Akauzima mwenyewe.

Juzi mafundi wa maji wakichimba mtaro walikata waya unaounganisha seva. Zote mbili zikaandika. Mafaili ya wagonjwa yakavurugana, na nakala za akiba nazo zimebeba uharibifu uleule.

Tukaanza kuwauliza watu upya. Akaja mama mzee kutoka Busawe na binti yake mwenye kifafa. Nesi akamuuliza mama, binti anatumia dawa gani.

"Vidonge vyeupe."

"Vyeupe vipi, mama? Viko vingi."

Akanigeukia mimi niliyekaa kwenye kompyuta. "Mimi sijui kusoma, mwanangu. Si mliandika ninyi?"

Binti akaanguka palepale kwenye benchi, tukamshika.

Sasa mkuu anasema nirudishe uzio. Nitaurudisha, mikono bado inajua. Lakini ng'ombe wameshaondoka, nazungushia nini?

Leo asubuhi nilitafuta jina lako. Nilitaka tu kuziona zile siku zako za mwisho wodini, daktari alivyoandika. Mashine ikajibu: hakuna mgonjwa mwenye jina hilo.

Lala, Baba Robi. Nimechoka kuliko ninavyoweza kukuambia.

Mkeo,
Mama Robi