Ulinikumbatia Mara Mbili

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Najua hukupenda maneno mengi. Ulikuwa ukisema mtu aseme anachotaka kisha akalale. Basi nasema ninachotaka: siku ile ulipokuja kwetu Mwera kunitazama, ulinikumbatia mara mbili. Ya kwanza naijua sababu yake. Ya pili imenikaa kichwani tangu miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na sasa mimi ni bibi mwenye wajukuu.

Nilikuwa mwali wa ndani, nimefungiwa nyumbani nikingoja harusi. Mama yangu mzazi alikufa ningali mdogo, shangazi ndiye aliyenilea, na wakati ule nilikuwa chini ya somo wangu, Bi Mwanahawa, kungwi aliyekuwa akinifunda. Omari wako alikuwa fundi cherehani kule Ngamiani, mjini Tanga, na alishaapa kwamba gauni ya harusi ya mkewe hatashona mwingine. Sasa atanipimaje, naye hajaniona hata kisigino? Kwetu mwanamume hakumsogelea mwali na futi, hata awe fundi, na bwana harusi ndiyo kabisa. Ikafanywa kama ilivyokuwa desturi. Bi Mwanahawa akachukua uzi wa katani, akanizungushia kifuani, kiunoni na makalioni, kila mahali akafunga fundo, na uzi ukatumwa Tanga.

Ila Bi Mwanahawa alikuwa na fahari zake. Aliona haya wakwe wajue kwamba mwali wake, baada ya samli yote ile na uji wa kila asubuhi, bado ni mwembamba. Kwa hiyo kila alipofunga fundo aliuachia uzi kidogo.

"Somo, mbona unapwaya?" nilimuuliza.

"Nyamaza, mwali. Mpaka siku ya harusi utakuwa umeujaza."

Nilijitahidi kula, wallahi, lakini mwili wangu haukuwa wa kujaza kitu.

Omari alinihadithia baadaye jinsi ulivyoupokea uzi ule. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwapima wanawake nyuma ya pazia, yeye akikata na kushona barazani. Vidole vyako vilishavijua viuno vya nusu ya mji. Ukaunyoosha uzi juu ya meza, ukatazama fundo la kifua, ukatazama la kiuno, ukauliza, "Huyu ni mwali au pipa?" Hariri aliyoipata Omari ilikuwa kipande kimoja tu, akikosea kukata hapana kingine. Na gauni ikinipwaya siku ya kutolewa nje, wanawake wangecheka, nami ningekwenda kuishi mtaa mmoja na kicheko hicho.

Ndipo ukapanda basi. Ulifika mchana, buibui limejaa vumbi, watu wa nyumbani wote wamekaa kukupokea. Ungeweza kutoa futi yako pale pale. Lakini kumpima upya mwali aliyekwisha kupimwa na somo wake ni kumwita somo mwongo mbele ya jamaa, na wewe hukuwa mtu wa kumvunjia mtu heshima nyumbani kwao. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Ukaniinua, ukanikumbatia.

Mama, kukumbatia gani kule! Mikono yako ilipita chini ya makwapa yangu, ikakutana mgongoni, mkono mmoja ukaukamata mwenzake, ukatulia hivyo bila kupumua. Nikajiuliza moyoni, mama huyu ananipenda au anatafuta nilichoficha? Kisha ukaipandisha mikono, nami nikiinua yangu, ukaipitisha juu ya kichwa changu, nayo ikabaki vile vile, imeshikana mbele yako kama umebeba mtungi. Shangazi akakuletea chai, hukuipokea. Ukauliza uani ni wapi, ukaenda na mikono yako hivyo hivyo.

Bi Mwanahawa alinuna. "Mkwe gani huyu, hata kikombe hapokei!"

Mimi nilikuwa na dirisha. Nikakuona umeipitisha kanga yako kwenye duara la mikono ile, unafunga fundo kwa meno. Sikuelewa kitu. Uliporudi uliomba chai mwenyewe, ukanywa, ukala na maandazi, ukamsifu Bi Mwanahawa kwa malezi mazuri hata akasahau kununa. Wakati wa kuaga ukanikumbatia tena, ukaninong'oneza sikioni: "Usile tena samli mpaka harusi ipite."

Gauni ilinikaa, Mama. Ilinikaa kama nimezaliwa nayo. Nakumbuka wanawake wakinizunguka kutafuta pini mgongoni, wasione hata moja. Bi Mwanahawa alimwambia kila mtu, "Uzi wangu huo!" Na wewe, uliyekuwa umekaa karibu, ukasema, "Ndiyo, uzi wako," ukaendelea kula pilau.

Baada ya harusi Omari akanieleza huku akicheka: "Mama alikupima kwa mikono." Alikuwa ameipokea kanga yenye fundo, akakata hariri kwa kipimo hicho. Ulikuwa ukimwambia kwamba ukishapata kifua, vingine vinafuata. Nilicheka naye, lakini niliumia. Nilikuwa nimekuweka moyoni kwa ajili ya kule kukumbatiwa. Tangu mama yangu afe hapakuwa na mtu mzima aliyenikumbatia hivyo, na kumbe nilikuwa napimwa gauni.

"Na ile mara ya pili?" nikamuuliza.

"Fundi hupima mara mbili," akanijibu.

Nikakubali. Tuliishi nyumba moja mpaka ulipofariki, tukapika pamoja, tukapiga pindo pamoja nyuma ya lile pazia, na hukunikumbatia tena. Hukuwa mtu wa hayo. Mara nyingi nilitaka kukuuliza, nikakutazama umeshika sindano mdomoni, nikarudi kwenye pindo langu. Najua ungesema, "Lete uzi mweusi, acha maneno."

Sasa sikiliza yaliyonipata juzi. Mjukuu wangu Zuhura anaolewa, akaja nimpime gauni. Futi ninayo, inaning'inia shingoni siku zote kama ilivyoning'inia kwako. Lakini udadisi ulinishika. Nikataka kujua mtu anapimaje kwa mikono. Nikamwambia, "Simama hapo nikupime alivyonipima mama mkwe wangu."

Kumbe si kazi ndogo! Mkono lazima uukamate mwenzake kwa nguvu, kidole kisiteleze, pumzi uishike, na akili yote iwe kwenye kipimo. Nilijaribu nikakipoteza. Nikajaribu tena nikakipoteza vile vile, kwa sababu kila nikimshika huyu mtoto kiganja kinajikunjua chenyewe, kinaanza kumpapasa mgongo.

Zuhura akacheka. "Bibi, unanipima au unanibembeleza?"

Nikakaa kitini. Nilikumbuka, Mama. Mara ya kwanza mgongoni pangu palikuwa na ngumi, mkono umekamata mkono, hakuna kilichosogea. Mara ya pili, ulipokuwa ukininong'oneza habari za samli, kiganja chako kilikuwa wazi. Kilipanda na kushuka mgongoni mwangu, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Na kanga ilishafungwa fundo. Kipimo ulikuwa nacho tayari.

Omari, Mungu amrehemu, alikuwa fundi hodari wa kukata nguo, lakini jibu lile alikosea. Kiganja kilichokunjuliwa hakipimi kitu, Mama. Miaka yote hii nimeishi nikidhani hukunikumbatia hata mara moja.

Zuhura nimempima kwa futi, gauni itamkaa. Kisha nimeivua futi shingoni, nikaiweka mezani, nikamkumbatia kwa niaba yako. Pumzika, Mama. Uzi mweusi nimeuleta.

Mkaza mwanao wa Mwera