Salamu ya Bibi Niyubahwe

Jumatatu, 6 Mei 2024

Baada ya vipindi nimepanda tena kwenye jabali langu, juu ya mashamba ya mihogo. Langu! Halina mwenyewe, ila sijaona mwingine akikaa pale. Kijiji chote cha Kagerankanda kiko chini — moshi, migomba, bati la shule. Nikiwa pale mimi si Madam, si mtu wa Same aliyeletwa na serikali, si mwanamke asiye na mume. Natulia kama maji kwenye beseni. Hata njiani kurudi nilikuwa bado kulekule juu. Raha tupu.

Alhamisi, 9 Mei

Kumbe Jumatatu nilifanya balaa. Nathaniel, mwalimu mwenzangu, ndiye kaniambia. Bibi Niyubahwe, jirani yangu, alinikuta njiani, akatua mzigo wake wa kuni, akainama, akapiga makofi: "Mwidiwe, mwalimu." Nami nikapita. Sikumwona wala kumsikia, naapa. Lakini huku salamu si ya kurushiana huku mnatembea. Mtu mzima katua mzigo, kapiga makofi, kaachwa pale na mikono yake. Nathaniel anasema bibi kaniona namdharau.

Nitamweleza nini? Kwamba nilikuwa ndani yangu?

Jumapili, 12 Mei

Kanisani wamenikwepa kwa adabu. Kisimani kina mama walinyamaza nilipofika, wakanipisha nichote kwanza. Hata kofi moja hakuna. Na mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika kwamba salamu za Waha hazina mwisho — umeamkaje, watoto wameamkaje, mbuzi je. Basi, wameniacha huru kabisa. Nikarudi na ndoo yangu, nikalia jikoni kama mjinga.

Jumatano, 15 Mei

Jabali halinipokei. Nafumba macho, ninachosikia ni yale makofi niliyoyapita. Nathaniel anasema, Madam, omba uhamisho, watu wa huku wagumu. Nikamwambia nikihama nitahama na kichwa hikihiki.

Nilidhani uhuru ni kutomhitaji mtu. Naogopa. Nikienda kuinama kwa bibi, jioni zangu zitakuwa za kijiji kizima. Nisipoenda, sina jioni yoyote.

Ijumaa, 17 Mei

Nimeenda. Bibi alikuwa uani anachambua maharage. Nikachuchumaa, nikapiga makofi. "Mwidiwe, bibi." Hakuinua macho. Nikapiga tena. Akatupa harage bovu chini.

Nikamwambia ukweli, kwamba siku ile macho yalikuwa wazi ila mwenyewe sikuwepo. Akaniangalia.

"Ulikuwa wapi?"

"Sijui, bibi. Kuzuri tu."

Akasukuma ungo mwingine mbele yangu, na kigoda.

Tukachambua. Mabovu chini, mazima yabaki. Jua likashuka nyuma ya migomba, vidole vikawa vinaenda vyenyewe — na mimi huyo, kulekule juu! Kulekule hasa, goti langu likigusana na la bibi. Sikujua kama panafikika kwa njia hii. Nilitaka kucheka, nikajizuia.

Kuaga nikapiga makofi mara ya tatu. Hajaitika bado. Kasema tu kwamba maharage hayajaisha.

Nilipofika njiani niligeuka. Alikuwa anaingiza ungo wake ndani. Wangu kauacha palepale uani, na kigoda.