Siku Baba Kabange Alipolala Mpaka Saa Sita

Mama Kabange mpendwa,

Habari ya kufa kwako imetufikia kutoka Pweto. Imeletwa na mwanamke anayeuza samaki wakavu hapa Kampemba. Alisema ulizikwa vizuri, wajukuu walikuwa wengi na kwaya ya parokia iliimba. Nilimshukuru, nikanunua samaki wake wote bila kujua nitawapika lini. Kisha nikakaa kukuandikia, kwa sababu kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai: mwaka mzima nilikuchukia.

Unaikumbuka nyumba ile ya kambi ya kampuni, nyumba moja iliyogawanywa kwa ukuta, ninyi huku na sisi kule. Mume wako alikuwa kwenye tanuru la kuyeyushia shaba, zamu ya usiku, na mchana ilibidi alale. Upande wetu kulikuwa na mdogo wangu Ngoie, wa miaka saba. Alisema maneno machache na hakumtazama mtu machoni. Alichotaka ni kuruka. Alipanda kitandani, akajitupa kwenye saruji, akakimbia, akaupiga ukuta wenu kwa viganja, kisha akarudi kuanza upya, asubuhi nzima. Siku hizi madaktari wana jina la hali hiyo, usonji. Wakati ule tulisema tu, "Ngoie iko vile."

Wewe ulikuwa unagonga ukuta kwa mwiko. Mama alimkumbatia Ngoie kwa nguvu mpaka wakalia wote wawili. Shule haikumpokea. Sisi wanafunzi, huko shuleni, kila asubuhi tuliimba na kurukaruka kukisifu chama tawala, na hakuna aliyetuandika kwenye daftari. Ngoie akiruka nyumbani, shefu wa kambi, msimamizi wa nyumba za kampuni, aliandika. Siku moja alimwita baba: mume wako akilalamika tena, sisi tutafukuzwa kwenye nyumba. Baba alirudi akasema Ngoie apelekwe kwa bibi kijijini. Mama alichukua sindano, akaanza kurekebisha gauni la Ngoie la safari.

Siku hiyo nilimwaga majivu kwenye beseni lako la nguo. Ulidhani ni upepo.

Kesho yake ulikuja kwetu na beseni hilohilo, ndani yake blanketi lililoloa. Mama alisimama mlangoni, tayari kwa ugomvi.

"Mama Ngoie, mie nimechoka kugonga," ulisema. "Nimesikia munataka kutuma mutoto mbali. Juu ya usingizi wa bwana yangu? Hapana. Niache niingie."

Ukakaa kwenye kigoda, ukamtazama Ngoie akiruka. Ulitazama muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumtazama, hata sisi.

"Huyu iko anatafuta kitu cha buzito," ukasema. "Hata mie, nikikasirika, nafua blanketi."

Ukampa ncha moja, ukashika nyingine. Alikamua, ukakamua, maji yakamwagika miguuni penu. Nikaona mabega ya Ngoie yakishuka. Akatoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

Hatukufaulu mara moja. Bembea tuliyoifunga kwenye boriti ilitikisa mabati mpaka mume wako akatoka nje na pajama, akiuliza kama ni mvua ya mawe. Ulifungua kamba mwenyewe, unacheka mpaka machozi. Ndipo ukatufundisha kuweka gunia la unga wa posho juu ya blanketi kuukuu, na Ngoie akalisukuma toka mlangoni mpaka jikoni, kimya, kwenda na kurudi. Ukatufundisha kumviringisha kwenye mkeka na kumkandamiza mgongo kwa viganja. Mwisho ukaleta mpira wa ndani wa baiskeli ya mume wako, sijui kama alijua, ukaufunga kwenye miguu miwili ya mbele ya kiti. Ngoie alikaa, mikono ikichambua maharage, nyayo zikiuvuta na kuusukuma ule mpira. Alikaa. Tulitazamana, mama na mimi, tukiogopa hata kukohoa.

Wiki iliyofuata shefu wa kambi alikuja na daftari lake.

"Sitwayeni, nimekuja kusikia haya makelele," alimwambia mama, maana enzi ile serikali ilitaka watu waitane raia.

"Karibu, shefu. Ikala."

Alikaa. Ngoie alipita na gunia mbele ya viatu vyake, akapita tena, akapita tena, kisha akaenda kwenye kiti chake cha maharage. Shefu alisikiliza, kalamu mkononi. Saa nzima ilipita.

"Sasa huyo mutoto iko wapi?" akauliza.

"Ni huyu."

Aliinama, akaona miguu ikifanya kazi chini ya meza. Kabla hajasema neno, mume wako akatokea mlangoni, anajikuna tumbo, jua liko utosini.

"Leo mulienda wapi?" alimwuliza mama. "Nimelala mpaka nikaogopa. Nilizani hamuko."

Shefu alifunga daftari, akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Mama alijitupa juu ya gunia la unga, akacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake. Ukaingia kwa mlango wa nyuma, umesikia yote, na kwa kuwa mume wako alikuwa ameshaamka, ulimwambia Ngoie, "Sasa ruka." Tukaruka sote, na mama, na wewe na mwili wako mkubwa, mpaka vikombe vikalia kabatini.

Ngoie hakupelekwa popote. Baba na mama wamefariki, na Ngoie anaishi kwangu. Ana mvi sasa, na mikono yake inakanda unga wa mikate ambayo mtaa wetu wote unakula. Watu wanasema mikate ya wengine ni laini, ya Ngoie ina nguvu.

Nilitaka ujue hayo. Nilitaka pia ujue kwamba chuki yangu iliisha siku ile, na kilichobaki miaka yote hii ni fahari ya kuwa tulikuwa majirani zako.

Nimemsomea Ngoie barua hii. Alikuwa anatazama dirisha. Nilipoanza kuikunja alinishika mkono.

"Soma tena," alisema.

Pumzika, mama. Mimi ninasoma tena.

Dada yake Ngoie