Chungu cha Mayu Benedikta

Malinyi, Morogoro
9 Machi 2025
Mwaka wa hamsini na moja tangu niondoke Sapiwi

Mdogo wangu Felisita,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote wa kaya yako hapo Mwamanyili, na kwamba mvua zimeukumbuka mpunga wenu. Mimi ni mhola, kwa kadiri mzee wa miaka sabini na mbili anavyoweza kuwa. Magoti yananinung'unikia asubuhi, macho bado yanasoma. Mke wangu Asumini anakusalimu. Anasema sauti yako kwenye simu inafanana na yangu, ila wewe unafika mwisho wa maneno yako.

Nilikuahidi kwamba nitakujibu. Nimeona heri niandike, kwa sababu simu unayotumia ni ya Winnie, mke wa mwanao, na siku ile nilisikia jinsi ulivyokuwa ukishusha sauti kila mlango ulipolia. Barua nimempa Hilali, mfanyabiashara wa mchele anayekuja huko Bariadi, akuwekee mkononi mwenyewe. Isome kwanza peke yako. Baadaye nitakuomba uisome kwa watu.

Uliniuliza mimi, niliyekagua nyama machinjioni miaka thelathini na moja, bandama ikivimba ndani ya mtu aliye hai huonekanaje kwa nje. Ukanieleza habari za Sayi, mjukuu wako wa miaka saba, kwamba anakula matonge matatu ya ugali na kusema ameshiba, kwamba wenzake wakiruka kamba yeye hukaa, kwamba viganja vyake vimepauka na chini ya mbavu za kushoto kuna kitu kigumu. Ukasema Winnie hakuruhusu tena umpakulie mtoto. Ndugu zake wa Lagangabilili wamemwambia kwamba mtoto hushiba upesi kwenye chungu asichokiamini, na kwamba damu ya mama yako Benedikta haijakauka ndani yako. Wiki ijayo wanataka kumpeleka kwa mfumu akaaguliwe. Uliyasema yote hayo kwa utulivu, halafu ukaniuliza kama kweli uchawi hurithiwa.

Nianze na mtoto, maana yeye hawezi kungoja. Bandama hukaa upande wa kushoto, imejificha chini ya mbavu. Ya ng'ombe mzima ni ndefu na bapa, kingo zake nyembamba. Ya ng'ombe mgonjwa hujaa, kingo zikawa nene, nyingine ukiikata ndani ni kama tope. Ya mtu sikuwahi kuishika, lakini nimesoma na nimewauliza wenye kujua. Ikiwa nzima, mkono hauipati. Ikikua, hushuka kutoka chini ya mbavu ikielekea kitovuni, na mtoto akivuta pumzi utaiona inashuka naye. Huko inakoshukia hulibana tumbo la chakula, na ndiyo sababu mtu hushiba kabla hajala. Hakuna siri nyingine katika matonge yale matatu. Sayi atashiba hivyo hivyo kwenye chungu chako, kwenye chungu cha Winnie, na hata kwenye chungu cha askofu.

Kilichoikuza sikijui. Yaweza kuwa malaria ya kurudiarudia, au kichocho, kwa kuwa watoto wenu wanashinda kwenye majaruba na maji ya ziwa, au selimundu aliyozaliwa nayo. Hospitali watapima damu na choo, na watalitazama tumbo kwa mashine ya picha. Mpelekeni wiki hii, si baada ya mfumu. Mpaka hapo asibonyezwe tumbo, asichanjwe chale, asicheze michezo ya kugongana, na mtu yeyote asimpige, hata kwa utani. Akishikwa ghafla na maumivu ya ubavu au ya bega la kushoto, akizimia, akitapika damu, mkimbizeni saa hiyo hiyo. Msimsubiri mtu wa Lagangabilili.

Sasa nije kwa mama yako. Mwaka ule wa 1974 ulikuwa na miaka sita, na sijui unakumbuka nini. Baba alikuwa na nyumba mbili, ya mama yangu na ya mayu Benedikta, na sisi watoto tulikula kote. Mashimba, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka huo alikuwa anakula kidogo sana. Alikuwa na chale tatu ubavuni kushoto alizochanjwa na bibi, na tulikuwa tumezizoea kama tulivyolizoea pengo lake. Kwa mama yangu alipoacha chakula, ilisemwa ana homa. Kwa mama yako alipoacha chakula kile kile, ilisemwa kuna kitu amekinusa. Mama yangu alimwambia baba mbele yetu kwamba mtoto ana pua kuliko mwenye nyumba. Baba alicheka, nasi tukacheka, kwa kuwa mama yako alikuwa hodari wa kupika kunde, na majirani walikuwa na utani kwamba akiepua chungu hata mbwa wa Sapiwi ya juu wanapata habari. Naye alicheka siku ile. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka.

Mwezi wa sita, pamba ikiwa imepasuka, Mashimba alifariki. Ilikuwa ghafla, jioni anaumwa, kesho yake kabla ya saa sita mchana amekufa, akiwa mweupe midomo. Baada ya mazishi baba alipeleka kuku kwa mfumu. Kuku akapasuliwa, yakasomwa mabawa na matumbo, na mfumu akasema ni mwanamke wa nyumba ya pili. Bandama ilikuwa ndani ya mtoto, sisi tukapasua kuku.

Mama yako hakuruhusiwa hata kukunja mkeka. Bibi alikivunja chungu chake mlangoni. Aliondoka kwa miguu kurudi kwao Mwamanyili, wewe umemshika kanga, na mimi nilikuwa zizini nikihesabu ndama. Walikuwa wanane. Nilihesabu mpaka mkapotea machoni. Mwezi wa tisa niliondoka kwenda kusomea mifugo, na sikurudi. Kwa watu nilisema ni kazi. Ulipoanza kuniandikia, ukiwa msichana, ulinieleza kwamba mama yako alikuwa mwanachama mwaminifu wa kina mama wa parokia, lakini kwenye misiba na sherehe hawakumpa mwiko. Alipewa kuni na maji. Alikufa mwaka 1991 akiwa bado anachota maji.

Felisita, nimelizunguka hili kwa kurasa mbili, na kabla ya hapo kwa miaka yangu yote. Jioni ile Mashimba aliachia ng'ombe wakaingia kwenye pamba ya jirani. Nilimkuta amekaa chini. Alisema amechoka, ubavu unamvuta. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa tayari nimetukanwa na mwenye shamba. Nilimwita mvivu, mlaji wa bure asiyekula, nikampiga fimbo moja ya kuchungia, ubavu wa kushoto. Haikuwa fimbo ya hasira kubwa. Ndama angetikisa mkia tu. Alijikunja, kisha akaniambia kwamba bega linamuuma. Nilimjibu aache uongo, bega sijaligusa. Alirudi nyumbani akitembea nyuma yangu. Mama alipomuuliza, akasema ameanguka kwenye kichuguu. Alinificha. Nami nikamwacha anifiche, hata alipokufa, hata kuku alipopasuliwa.

Kwa miaka kumi na minne nilijiambia kwamba fimbo ile isingeweza kuua. Mwaka 1988 nilinunua kitabu cha matabibu cha mtumba, nikasoma kwamba bandama iliyokua hupasuka kwa pigo dogo, na ikipasuka damu hujaa tumboni, na maumivu yake hupanda kwenye bega la kushoto. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Tangu siku hiyo sina shaka. Mama yako aliishi miaka mitatu zaidi baada ya hapo. Barua kama hii, yenye urefu huu huu, ingetosha kumrudishia mwiko. Sikuiandika. Hilo, mdogo wangu, linanielemea kuliko fimbo yenyewe, kwa sababu fimbo niliipiga bila kujua.

Kwa hiyo, swali lako nalijibu hivi: hakuna ulichorithi. Mama yako hakumdhuru mtu. Msomee Winnie barua hii, kisha ipeleke Sapiwi, wazee wa ukoo waisome mbele ya watu, jina langu likitajwa wazi. Winnie usimkasirikie sana. Anaogopa kwa ajili ya mwanawe, kama mama yangu alivyoogopa. Mwambie aende nawe hospitali. Kama kuna atakayetaka kunishitaki, serikalini au kwa ukoo, anwani yangu iko juu, na katika barua hii sitakana hata herufi moja.

Msalimie mwanao Masalu, msalimie Winnie, na mtoto mwambie babu yake wa Malinyi anamwombea. Nijulishe majibu ya vipimo kwa simu, hata kama hutaki kusema nami jambo lingine.

Uliniambia kwamba nikija mtanichinjia ng'ombe na wewe utapika. Najua ungefanya hivyo hata baada ya kusoma haya, na siwezi kuketi nikala. Sitarudi.

Kaka yako,
Januarius Salu